Aliyefunga Kizazi Si Njeri, Ni Mimi

Mama,

Ungekuwa hai nisingethubutu. Kwetu Malakisi mwanaume hamshiki mama mkwe mkono, hali naye meza moja, na mambo ya chini ya mshipi hayataji mbele yake hata kama nyumba inaungua. Miaka kumi na sita tumesalimiana mimi nikiwa uani na wewe ukiwa mlangoni. Ulikuwa unanicheka: "Baba Simiyu, unanikimbia kwani mimi nakula watu?" Mimi nacheka pia, halafu nakumbuka ghafla kuna ng'ombe mahali anayenihitaji. Leo ni wiki ya tano tangu tukuzike, na ndio kwanza nimepata ulimi. Mwoga kabisa, najua.

Nianze na lile kubwa, maana nikizunguka nitaweka kalamu chini. Aliyefunga kizazi si Njeri. Ni mimi. Nilipelekwa chumba cha upasuaji hapa Kitale, nikakatwa mirija ya mbegu, nikafungwa, nikatoka natembea polepole. Kamau alikuwa na miezi mitatu. Miaka minane ulimnunia mtoto wako wa pekee kwa jambo nililofanya mimi, na mimi niko hapo uani, nakuitikia salamu.

Unakumbuka Nekesa alipozaliwa? Ulitoka shambani kwako na kiondo cha viazi na ndizi za kupika, umevaa leso mpya, umekuja kumshika Wairimu mwenzako. Tulikuwa tumepatana, mimi na Njeri, kwamba kwa sababu huna mtoto mwingine wa kukuitia jina, msichana wetu wa kwanza atachukua jina lako. Kumbe baba yangu alikuwa amekutangulia. Alikuja kutoka Malakisi na fimbo yake akasema kwetu jina la mtu anayepumua halipewi mtoto, huko ni kumwambia mwenye jina kwamba muda wake umekwisha. Kwenu mjukuu hupewa jina la nyanya angali hai, ambebe huyo mwenzake mgongoni na kumwona akitembea. Kwetu tunangoja mtu aende kwanza. Wewe ulisikia yote ukiwa jikoni. Ulimshika mtoto, ukamwita Nekesa kama ulivyoambiwa, na ukaondoka kabla chai haijaiva. Mimi nikakufuata mpaka kwenye lango, nikasimama mbali kidogo, nikakuambia: Mama, msichana atakayefuata ni wako. Hakuna aliyenilazimisha kusema vile.

Halafu akaja Kamau. Jina la marehemu mume wako, na hapo hata baba yangu hakuwa na la kusema. Lakini wewe ulimwona mtoto tu. Mimi nilimwona Njeri. Nekesa alikuwa ametolewa kwa kisu, na Kamau vilevile, na safari hiyo ya pili damu ilikataa kusimama. Mimi damu nimeizoea, Mama, kazi yangu ni ng'ombe, nimevuta ndama waliokwama nikiwa na matope mpaka mabegani. Siku ile nilikaa kwenye benchi nimeupa mlango mgongo, nisione. Daktari alitoka akasema amepona, lakini kizazi chake kimekonda, mimba nyingine inaweza kukipasua, na ikipasua tusitegemee kumpata tena.

Njeri alikwambia daktari amekataa. Wewe ukasema, "Huyo daktari ndiye atakayeitwa Wairimu?" Haki ya Mungu tulicheka baadaye, mimi na yeye. Tulicheka kwa sababu hatukujua la kufanya.

Sindano za kupanga uzazi zilimpandisha presha. Vidonge vikamtapisha. Wakataka kumfunga yeye, na mimi nikasema hapana, huyu amekatwa ya kutosha, sasa ni zamu yangu. Usidhani nilikuwa shujaa. Nilimwapisha asimwambie mtu yeyote, hata wewe, hasa wewe. Mimi ni mwanaume wa Kibukusu, niliingia jandoni mbele ya ukoo mzima bila kupepesa jicho, na kazi yangu ni kupandisha ng'ombe kwa mrija. Wakulima wangesikia ati daktari wa mbegu za fahali amehasiwa! Ningeitwaje sokoni? Basi wewe ukaamini aliyefungwa ni yeye, na Njeri akanyamaza kwa ajili ya heshima yangu. Ulimwita mchoyo, akanyamaza. Ulimwambia Krismasi moja, mbele ya sahani za pilau, "Nikifa mimi nitakuwa nimepotea kabisa, na wewe ndiye umenipoteza." Akainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Mimi nilikuwa sebuleni nakula.

Mwaka jana ulipoanza kukwama na chakula, na ukaambiwa ni kansa ya koo, Njeri akakuleta kwetu. Nilijua ni haki, ungeenda wapi? Lakini mama mkwe kulala chini ya paa langu! Nilianza kuingilia mlango wa jikoni kama mfanyakazi. Nikawa nakula uji wangu nimesimama. Na kutoka jikoni nilikuwa nakusikia kila neno, maana ukuta ule ni wa mbao. Siku moja Njeri alikuwa anakulisha supu kwa kijiko. Hukumgombeza safari hiyo. Ulimuuliza tu, kwa sauti ndogo, kama angeweza kujaribu. Ulisema, "Hata nisipomwona. Nijue tu anakuja." Mimi nikaweka kikombe chini nikatoka.

Hapo ndipo kichwa changu kilipoharibika. Baba yangu, Mungu amlaze, hakuwepo tena wa kunikataza jina la mtu aliye hai. Nilikuwa nimesikia Bungoma kuna daktari anayekuja kufungua wanaume waliofungwa. Nikajiambia, nitafunguliwa, Wairimu atakuja, na hospitali za siku hizi ni nzuri, Njeri hatakufa. Hilo la mwisho nililisema haraka haraka ndani ya kichwa, ili nisilisikie vizuri.

Nilimwambia Njeri nina semina ya wakulima Mabanga, siku nne. Hata aliniwekea sweta ya baridi ya asubuhi. Mabanga nilipita tu, nikaliona geti la chuo cha wakulima nilichokisingizia, nikaendelea mpaka Bungoma mjini. Daktari aliniambia ukweli wote, siwezi kumlaumu kwa lolote. Alisema miaka minane ni mingi. Alisema anaweza kuunganisha mirija kwa nyuzi ambazo macho hayazioni bila kioo, na bado mbegu zisirudi. Zinaweza kurudi, na bado mtoto asipatikane. Wengine hurudi baada ya miezi mitatu, wengine mwaka, wengine kamwe. Halafu akaniuliza, mke wako amekubali? Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo nikimtazama usoni.

Nilirudi Kitale natembea miguu imeachana. Nikamwambia Njeri ng'ombe wa kule Mabanga amenipiga teke mahali pabaya. Mama, mtoto wako alinichemshia maji ya chumvi wiki nzima. Alikuwa anatoka kukugeuza wewe kitandani, anakuja kunikanda mimi, na huku anamlaani ng'ombe ambaye hajazaliwa. Pikipiki yangu ya kazi ilikaa wiki tatu bila kuguswa. Wewe ulimtuma Nekesa aniambie pole, na kwamba ng'ombe wa watu wa Mabanga hawana adabu. Nilitaka ardhi inimeze.

Miezi mitatu baadaye nikashuka tena Bungoma kupimwa mbegu. Hakuna kitu, hata mbegu moja. Kijana wa maabara alinionea huruma, akaniambia nisikate tamaa. Nilikaa chini ya ukuta pale nje na sikujua kama nalia kwa huzuni au kwa kupona. Nilirudi nyumbani nikaishi na mke wangu kama kawaida, maana sufuri ni sufuri. Hapo ndipo nilipokosea kupita kote. Mimi ambaye huwaambia wakulima kila siku kwamba kipimo cha leo hakisemi habari ya kesho.

Mwezi wa sita baada ya upasuaji nilirudi. Wewe wakati huo ulikuwa humezi tena hata maji, yanapita kidogo kidogo kwa pamba. Yule kijana akaweka kioo chini ya hadubini, akaangalia, akaangalia tena. Nikamwambia niachie mimi nione, hiyo ndiyo kazi yangu. Nikaweka jicho. Mama, zilikuwepo. Si nyingi, na nyingine zilikuwa zinazunguka mahali pamoja kama zimelewa, lakini zilizokuwa zinaenda zilikuwa zinaenda kweli kweli. Nimeangalia mbegu za fahali miaka kumi na tisa, na sijawahi kupiga kelele. Siku ile nilipiga. Yule kijana akacheka, akanishika mkono, akasema hizi zaweza kuwa zilianza kurudi hata wiki sita zilizopita.

Wiki sita. Nilisimama na mkono wake mkononi mwangu na kicheko kikaniganda. Kwa sababu juzi yake tu Njeri alikuwa amesema, akifua shuka zako, kwamba mwezi wake umechelewa, na kwamba labda ni uchovu wa kukuuguza, au labda uzee umeanza kubisha. Alisema akicheka. Hakuwa na sababu ya kuogopa, maana mume wake amefungwa.

Sijui nilivyofika Kitale. Kalenda iko jikoni, ile ya duka la mbolea, na Njeri huweka alama ya kalamu ya risasi mwezi wake unapokuja. Nikahesabu. Siku kumi na moja. Nikahesabu tena kuanzia chini kwenda juu kama mjinga. Yeye alikuwa uani anaanika nguo, anaimba wimbo wa kanisani, na mimi ndani najua pengine amebeba kitu ambacho kitampasua, na kwamba mimi ndiye niliyekiweka, na kwamba hajui.

Ungedhani nilimwambia saa ileile. Wapi! Nilijiambia nitamwambia kesho. Kesho nikasema Mama anaumwa sana, si wakati wake. Nilikufanya wewe kisingizio, umesikia? Siku tatu nilimtazama akibeba ndoo na kila akiinama mimi nahesabu siku upya. Alinikaribia, nikajigeuza ukutani. Akaniuliza kama nimepata mwanamke mwingine. Nikasema acha upuzi, kwa ukali, kama ndiye aliyenikosea.

Siku ya nne, mchana, Njeri alikuwa ameenda kuchukua dawa yako. Nilipita kwenye korido kutafuta mtungi wangu wa mbegu za fahali, na mlango wako ulikuwa wazi. Uliniona. Sauti ilikuwa imekwisha, ilikuwa pumzi tu, lakini nilikusikia: "Baba Simiyu, ingia." Miaka kumi na sita hujawahi kuniambia niingie. Nilikuwa na habari uliyokuwa unaitaka kuliko maji. Nilikuwa pia na habari ambayo ingekufanya umwogopee mtoto wako kwa siku ulizobakiwa nazo. Zote mbili zilikuwa moja. Nilisimama pale kizingitini, mguu mmoja ndani, mmoja nje, nikasema, "Pole, Mama." Nikaenda Kiminini kupandisha ng'ombe wa mtu. Niliporudi saa kumi jioni majirani walikuwa wamejaa uani, na Njeri amekaa chini, na ulikuwa umeenda.

Ulitaka kuniambia nini? Kila siku najiuliza. Pengine ulitaka tu nikugeuzie mto.

Tulikuzika shambani kwako, kando ya mume wako, kama ulivyotaka. Watu walikuwa wengi, hata wale mliogombania nao mpaka wa shamba walikuja na wakalia. Wakasoma habari zako: ameacha mtoto mmoja na wajukuu watatu, Simiyu, Nekesa na Kamau. Basi wale mama wa kikundi chako cha kanisa, waliokaa mstari wa nyuma yetu, mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Na hakuna hata mmoja wa jina lake. Alifungiwa jina na mtoto wake mwenyewe." Njeri alisikia. Shingo yake ilikakamaa. Akageuka akanitazama mimi, mara moja tu, halafu akatazama jeneza. Alinipa nafasi, Mama. Mbele ya wote hao alinipa nafasi ya kusimama. Mimi nikatazama kofia yangu. Huenda tayari alikuwa na mimba yangu tumboni, na nilimwacha atukanwe kwenye maziko ya mama yake kwa sababu nilikuwa naogopa wanawake wa kanisa. Sijawahi kujichukia namna ile.

Nilimwambia kesho yake asubuhi. Alikuwa anachambua maharagwe. Nilisema yote bila kupumzika, semina, teke la ng'ombe, hadubini, kalenda. Hakupiga kelele. Aliendelea kuchambua mpaka nilipomaliza, akatoa jiwe, akaliweka pembeni, ndipo akasema, "Kufungwa tulikubaliana wawili. Kufunguliwa ulienda peke yako. Na wa kufa alikuwa nani?" Akafunga leso, akaenda kliniki, akanikataza nisimfuate.

Nilikaa pale kwenye maharagwe yake. Nikawa nachambua mimi. Niliomba, na sikuomba kwa ajili ya jina lako. Nisamehe kwa hilo pia. Niliomba pasiwe na mtoto. Mimi niliyelala juu ya meza ya Bungoma nikishonwa ili apatikane, niliomba asiwepo.

Hakuwepo. Njeri alirudi akasimama mlangoni, akasema, "Hakuna," akaenda kulala mchana kweupe na viatu vyake. Baada ya siku mbili mwezi wake ulikuja. Ulikuwa uchovu tu, kama alivyosema mwenyewe, kuuguza na kulia. Kisha wiki tatu hakunisemesha. "Simiyu, mwambie baba yako chakula kiko tayari," na mimi nimekaa mbele yake. Watoto wakawa wanatembea kwa ncha za vidole.

Juzi ndipo alipozungumza. Hakunifokea hata hapo, na ingekuwa nafuu angenifokea. Alisema anakulilia, na anataka jina lako kuliko mtu mwingine yeyote duniani, kuliko hata wewe mwenyewe. Alisema amewahi kuwaza kujaribu, mara nyingi, kwa siri, na kila mara aliwatazama watoto wetu watatu akaacha. Alisema mimi nilichukua uamuzi uliomtoa machozi miaka minane nikauchezea kama wangu.

Najua utauliza, si Nekesa abandikwe jina la pili? Nekesa mwenyewe aliuliza. Lakini ni wewe uliyeniambia siku moja ukiwa mlangoni, jirani alipomwongezea mtoto wake jina la mjomba, kwamba jina la kubandika si jina, mtu huja nalo. Siwezi kukudanganya ukiwa kaburini baada ya kukudanganya ukiwa hai.

Kwa hiyo sikia nitakalofanya. Alhamisi nashuka Bungoma. Daktari yule yule atakuwepo, na nitalala juu ya meza ile ile, nifungwe tena. Ataniuliza mke wangu amekubali, na safari hii Njeri atakuwa amekaa kwenye kiti pembeni yangu, ajibu mwenyewe. Amesema atakuja. Hajasema amenisamehe, amesema tu atakuja.

Na Jumapili ya kuweka msalaba kwenye kaburi lako, wale mama wa kikundi watakuwepo wote. Nitasimama. Nitawaambia kwa mdomo wangu, kwa Kiswahili ambacho kila mtu anaelewa, kwamba Njeri hakumnyima mama yake chochote, na kwamba aliyekatwa ni mimi, mara tatu sasa, na wanicheke wanavyotaka. Wakulima wakikataa kuniita, basi nitalima.

Mama, nilikuahidi msichana nikiwa pale kwenye lango, na hatakuja. Nimeona kwa jicho langu kwamba angeweza kuja, na bado naufunga huo mlango. Ulituachia jina lako na ulituachia binti yako, na mimi nimejaribu kuwabeba wote wawili nikakaribia kumwangusha aliye hai. Nimemchagua Njeri. Ukinikasirikia huko uliko, nikasirikie mimi. Njoo kwangu. Yeye mwache alale.

Kaa kwa amani, Mama.

Mkwe wako,
Baba Simiyu